Nati za Tairi la Mbele

Kwenye siti iliyo mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa akimsimulia jirani yake, mama wa makamo ambaye ni dereva wa lori, jinsi jana alivyofungua matairi ya mbele ya gari lake na kubadilisha shokapu mwenyewe, uani kwake. Tangu hapo gari linatetemeka. "Fundi ni fundi tu, mama," alijitetea. Sawa, nikajisemea, ila gari halina pindo.

"Linatetemekea wapi, mwanangu? Kiti au usukani?"

"Usukani. Nikiongeza mwendo mikono inakufa ganzi."

"Nati za tairi ulizikaza tairi likiwa limekanyaga chini?"

"Likiwa juu, kwenye jeki."

"Ulipolishusha ukazirudia?"

"Sikuzirudia. Mvua ilianza, nikakimbilia ndani."

"Basi tairi linacheza! Gari hilo lisiguswe. Liko wapi?"

"Analo mke wangu. Anawapeleka watoto kwa bibi yao, wanapita barabara kuu."

"Anajua linatetemeka?"

"Nilimwambia limepona."

Mama alipaza sauti hadi kondakta akageuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mpigie sasa hivi!"

Akapiga. Akapiga tena. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola aliyoishona kwa ustadi mkubwa.

"Hapokei, mama," alisema. "Nilimkataza mimi mwenyewe kushika simu akiwa anaendesha."

Basi lilisimama. Tulikuwa tumefika mwisho wa safari, na hakuna aliyenyanyuka.