Mwikwabe Simioni na Ukwaruzo Ambao Hewa Huusamehe

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, kwa niaba ya familia tunawasomea safari ya baba yetu mdogo, Mwikwabe Simioni, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Nyanungu, mtoto wa mzee Simioni na marehemu mama Gati, na wa rika lake wanakumbuka alivyochapwa kwa kuchora kwa vidole kwenye ukuta ambao mama yake alikuwa ametoka kuusiriba.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1984 hadi 1990, sekondari Musoma hadi 1997, akahitimu uhandisi mitambo Dar es Salaam mwaka 2002, akaenda ng'ambo 2004, akarudi 2010 na shahada ya uzamivu, akafundisha chuoni mpaka mwili ulipokataa.

Kazi yake wengi tuliiuliza, naye alieleza taratibu, kwamba chombo kinachoruka kwa kasi kuliko sauti huvikwa tabaka jembamba la hewa, ambalo juu ya ngozi laini huteleza kwa utulivu, lakini likigonga kinundu, hata kidogo kama punje ya ulezi, laweza kuvurugika, na mvurugiko huo huzidisha joto hadi ngozi ya chombo kuungua, naye alipima kinundu kifikie kimo gani ndipo hewa ivurugike, maana, alisema, upo ukwaruzo ambao hewa huusamehe.

Alifunga ndoa na Eugenia, mama Gift, tarehe 17 Desemba 2011 kanisani Ringwani, wakajaliwa Gift mwaka 2012 na Felix mwaka 2016.

Mwaka 2019 alijenga nyumba hii ya matofali ya udongo, akaiacha bila lipu, mkewe akimkumbusha kila likizo, mashemeji wakimtania kwamba mtaalamu wa ulaini analala penye kuchubua mabega, naye jibu lake lilikuwa moja, "Nyumba hii hairuki, mama Gift."

Figo zilianza kumsumbua 2022, akarudi nyumbani Januari 2024, na safari za Mwanza za kusafishwa damu zikawachosha yeye na mkewe hata wakaacha kuzungumza njiani, ila mama Gift alibaki na hofu moja, kwamba mumewe atatolewa katika nyumba isiyokamilika, na mwezi uliopita alipomwambia hivyo, mumewe alikubali ipigwe lipu, lakini fundi hakuwahi, baba mdogo akafariki hospitalini Mugumu Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025.

Juzi dada yake Kezia na wanawake wa kitongoji walikanda udongo na samadi, wakaisiriba nyumba yote kwa viganja, na walipofika kando ya mlango mama Gift akawazuia, akaomba paachwe mahali pa kiganja kimoja, pale mumewe alipozoea kushika ukutani akivua viatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Mugumu, majirani waliombeba, na walimu wenzake waliosafiri kutoka mbali.

Baba mdogo, umechoka, nasi tumechoka, nyumba imekamilika isipokuwa pale penye mkono wako. Sasa pumzika, pumzika kwa amani.