Drili ya Umeme na Mlango wa Mama

Sabato njema, wapendwa. Mzee wa kanisa ameniomba nisiseme sana. Mimi ni fundi, najua kupima mbao, maneno sijui kuyapima, kwa hivyo mnivumilie.

Wengi hapa Sori mnaniita Umeme. Leo mjue jina hilo lilitoka wapi.

Nilifanya kazi ya useremala mgodini Macalder. Huko ndiko nilikoshika drili ya umeme mara ya kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyezoea kuzungusha keke kwa mkono mpaka bega linauma, akibonyeza kitufe na mti mgumu ukatoboka wenyewe, hawezi kutulia tena. Niliitamani ile mashine. Niliitamani hata nikiwa kanisani, Mungu anisamehe.

Mgodi ulipokaribia kufungwa, vyombo vikauzwa kwa bei ya kutupa. Nikakimbia Homa Bay, nikamuuzia fundi mmoja randa, misumeno, patasi na keke, vyote nilivyoachiwa na baba. Nikanunua drili na msumeno wa umeme. Niliwaza nitakaa nyumbani nitengeneze stuli na vitanda, na kwanza kabisa mlango wa mama yangu.

Mama ni mjane, na mlango wake ulikuwa mkeka wa mafunjo. Aliwahi kuniambia, "Nyathina, mwanangu, nataka mlango wa mbao. Nataka siku moja mtu abishe, nimuulize ni nani." Mkeka haubishwi. Nikamwahidi.

Sasa mtacheka. Umeme wa Macalder ulikuwa wa mgodi. Mgodi ukafungwa, mitambo ikazimwa, nami niko Sori na drili mkononi. Si kwamba sikujua. Moyo uliniambia uhuru tumepata, nyaya ziko njiani, zikifika Migori zitateremka mpaka kwetu. Ile methali ya kutoacha mbachao kwa msala upitao niliiandika shuleni nikapata alama zote. Haikunisaidia kitu.

Watu walileta kazi, nikawaambia wangoje umeme. Wakachoka, wakaniita Umeme, wakaenda kwa wengine. Mama akiuliza mlango, namjibu, "Umeme ukija, mama." Misimu miwili ya mvua ikapita. Kila asubuhi nilitoa drili guniani, nikaipangusa, nikabonyeza kitufe. Nilikuwa na hamu ya ule mlio kuliko hamu ya chakula.

Asubuhi moja baada ya dhoruba ya ziwani, nilienda kumjulia hali mama. Nikasukuma mkeka, haukusogea. Sauti ikatoka ndani, "Ngoja kwanza niinuke." Alikuwa ameketi chini, ameubana mkeka kwa mgongo wake ili upepo usiuchukue. Alikuwa amelowa. Mlango wa mama yangu ulikuwa mgongo wake. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, bila mzaha wowote, kama umeme umefika.

Siku hiyo hiyo nikaenda Homa Bay. Nikamweleza yule fundi habari ya mama, nikamwambia sina kitu, naomba tu kuishika randa yangu. Akanitazama, akasema, "Hii randa imenisumbua tangu uniuzie. Shika. Lakini kazi ya kwanza iwe ya mama yako." Nililia mbele ya wateja wake. Akaniazima na msumeno, akanikopesha mbao. Mikono ilikuwa imelainika, ikatoka malengelenge, na mlango ukaisha. Vyombo vyangu akanirudishia pole pole, nikimfanyia kazi.

Namshukuru fundi yule, popote alipo leo. Nawashukuru akina mama wa hapa mliokandika ukuta wa mama upya. Kutamani sikatazi mtu. Drili bado ninayo, na siku nyaya zikifika Sori mtaisikia hata mkiwa ziwani. Ninachosema ni hiki: ukitamani, ngoja peke yako, usimngojeshe na mwenzako.

Siku niliyoupachika ule mlango, mama aliingia ndani, akaniambia nibaki nje. Akaufunga. Nikabisha.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

Nikamsikia akisema, "Bisha tena."