Bi Shavu na Mti Uliomgomea

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kituo chetu cha utafiti wa miti, mtaalamu wetu mkuu wa vinasaba anastaafu tarehe 30 Aprili. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Bi Shavu. Nimeombwa mimi wa masjala niandike habari zake, eti kwa kuwa wataalamu wenzake bado wamechanganyikiwa. Mimi pia nimechanganyikiwa, ila nimeshazoea.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini. Hadubini ilikuwa moja na foleni ndefu, kwa hiyo yeye akawa anachuma jani na kulipitisha shavuni ili ajue kama lina vinyweleo. Hadubini zilipokuja za kutosha, shavu liliendelea na kazi, kwa maelezo kwamba mashine nazo zinahitaji msimamizi. Mume wake, ambaye ni seremala, husema hajui fundi mwingine anayeionea miti wivu.

Kazi yake kubwa ilianza alipochavusha mti mama, wenye majani ya vinyweleo, kwa chavua ya mti baba, wenye majani yasiyo na kitu. Watoto wakatoka kama wa nyumba yoyote, huyu kamfuata mama, yule kamfuata baba. Waliomfuata mama hawakuguswa na viwavi, kwa sababu nondo hutaga mayai juu ya majani, na kwenye vinyweleo mayai hayashiki. Waliomfuata baba waliliwa wakabaki vijiti. Basi vinyweleo ndiyo kinga, na kinga hiyo inarithiwa. Hapo hata mimi nilielewa.

Tatizo lilikuwa Kipara. Huyu ni mmoja wa watoto hao, yuko karibu na uzio wa shamba la majaribio. Kila upimaji jani lake lilikutwa tupu kabisa, halina hata kinyweleo kimoja, na kila mwaka viwavi walimpita wakaenda kumla jirani. Vijana wetu wenye shahada mpya walimshauri Bi Shavu amwondoe Kipara kwenye hesabu, mambo yaishe. Aliwajibu kwamba mtoto hafutwi kwenye ukoo kwa kuwa hafanani na ndugu zake. Akakataa pia kuidhinisha miche ya vinyweleo itolewe kwa wakulima. Kama Kipara ana kinga bila vinyweleo, alisema, basi huenda vinyweleo vinasingiziwa tu sifa, na yeye hawezi kuwapa watu miti kwa kubahatisha. Miche ikakaa kitaluni. Tulimwona akipoteza usingizi, na ilituuma kufikiria kwamba ataondoka hivyo.

Upimaji wetu hufanyika Mei, majani yakiwa yamekomaa. Utaratibu huo aliuweka mwenyewe, na ole wako uuguse. Machi hakuna anayekwenda kule, njia huwa tope tupu na gari halifiki. Lakini mwaka huu Mei ingemkuta nyumbani, hivyo mkurugenzi akaagiza upimaji uvutwe hadi Machi ili naye awepo. Tulivaa mabuti tukaenda kwa miguu, dereva naye.

Bi Shavu alichuma jani changa la Kipara, akaliweka shavu la kushoto, akahamisha la kulia, akavua miwani. Jani lilikuwa na manyoya kama blanketi. Alisema tumekosea mti. Mtunza bustani akaapa kwamba kibao cha Kipara alikipigilia mwenyewe. Dereva aliombwa shavu lake, lakini hakuwa amenyoa, ushahidi wake ukakataliwa. Tulihesabu miti kutoka kwenye uzio, tukahesabu tena kutoka upande wa pili, mti ukawa uleule, tukarudi ofisini.

Aprili tulirudi. Majani yaleyale yalikuwa yamekomaa, na manyoya yote yamepukutika. Bi Shavu alikaa chini kwenye tope akacheka mpaka machozi. Nondo hutaga kwenye majani machanga tu, na wakati huo Kipara huwa amejifunika. Hatari ikishapita, anavua. Sisi siku zote tulimkuta ameshavua.

Siku hiyohiyo aliidhinisha miche itoke. Kesho yake alikuja amenuna, anauliza ni jeni gani inayomwambia Kipara avue, na mbona ndugu zake hawavui. Wataalamu wakaanza kuchanganyikiwa upya.

Tumemnunulia kiti cha kupumzikia. Alishukuru, akakikalia kidogo, kisha akauliza kama mlinzi wa getini bado atamtambua Machi mwakani.

Bi Shavu, tunakushukuru kwa kukataa njia ya mkato, hata ilipokugharimu usingizi. Ukapumzike kwa afya na furaha, na fundi wako utusalimie. Mabuti yako tumeyaacha palepale, nyuma ya mlango.