Jentrix Makokha, Mwanamke Aliyevuta Mikanda ya Magari

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unaendesha gari, nenda polepole, maana habari hii inakuhusu. Leo tunamkumbuka Jentrix Makokha wa Kitengela. Alituacha Jumatatu iliyopita baada ya kuugua mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Jentrix alikuwa mwosha magari. Si kuosha kwa nje, hiyo hata mimi naweza. Yeye aling'oa viti, akatoa kapeti, akasugua kila kona. Mumewe, Wasike, aliniambia, "Akimaliza gari, mwenyewe anaweza kulipita akidhani si lake."

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2024. Mnayakumbuka. Miezi miwili baadaye, mwenye yadi moja ya kuuza magari ya mitumba akaanza kumletea Jentrix kazi nyingi. Magari yenye tope chini ya kapeti. Magari yanayonuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Jentrix aliyaosha yote. Hakuuliza yanapelekwa wapi. Watoto walikuwa shuleni, na kazi ilikuwa kazi.

Moja lilikuwa la kijivu. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kimechanika, naye akakishona kwa uzi wa bluu, kwa sababu wa kijivu ulikuwa umemwishia.

Sasa, Jentrix alikuwa na rafiki kanisani, Tabitha wa Kisaju. Tabitha na mumewe, Gideon, waliuza ng'ombe wakanunua gari lao la kwanza. Jumapili wakalileta kanisani liombewe, kama tunavyofanya sisi. Waumini walilizunguka, mikono juu ya boneti. Jentrix alikuwa upande wa nyuma. Akachungulia dirishani, akaona uzi wa bluu.

Alinyamaza.

Mwaka jana aliketi hapa studioni akanieleza. "Ningesema aje? Watu wamefunga macho, Tabitha analia na furaha. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikafika nikaona aibu, maana ni mimi niliosha."

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya mvua, Gideon alikuwa anampeleka binti yao, Seleyian, chuoni. Gari likazima ghafla katikati ya barabara ya Namanga. Nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu. Lori lililokuwa nyuma halikuweza kusimama kwa wakati, likawagonga. Gideon alivunjika mguu. Seleyian alifariki. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Sanduku lake la chuo lilikutwa barabarani likiwa bado limefungwa.

Baada ya mazishi, Jentrix alikwenda Kisaju peke yake. Akasimama mlangoni akasema, "Mama Seleyian, hiyo gari niliiosha mimi. Nilijua ilikaa kwa maji. Nikanyamaza."

Tabitha aliniambia, "Nilimwonyesha njia kwa mkono, aende zake."

Jentrix aliacha kazi ya yadi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alisimama pale magari ya mitumba yanapouzwa, akiwasubiri wanunuzi. "Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho," aliwaambia. "Huko mwisho hakuna mtu huosha. Hata mimi sikuwa naosha. Ukiona mstari wa tope, hiyo ilikaa kwa maji, shuka." Aliwafundisha kuinua kapeti na kugusa chini yake. Kuangalia kutu kwenye skrubu za viti. Kufunga madirisha, kukaa kimya, na kunusa. Madalali walimfukuza, wakamtukana. Alirudi. Hata gari langu alilinusa mbele ya watu, akatangaza kwamba halina mafuriko, lina chipsi tu. Nilikasirika siku mbili. Leo natamani anitanie tena.

Mwaka mzima Tabitha hakumsemesha. Wakiwa kanisani, mmoja alikaa kushoto, mwingine kulia. Halafu Jumamosi moja Tabitha akatokea pale kwenye magari, pamoja na mdogo wake, Leshan.

"Sikumwambia nimekusamehe," Tabitha alinieleza. "Hiyo neno ilikuwa nzito. Nilimwambia, Leshan anataka kununua pikapu. Njoo uangalie."

Jentrix akaingia. Akavuta mkanda mpaka mwisho. Akashuka, machozi yanamtoka. "Mama Seleyian, hii hapana." Wakaenda wote watatu kuangalia nyingine.

Kwa Wasike na watoto, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Kwa Tabitha na Gideon, poleni tena, kwa maana msiba huu umeufufua ule wa kwanza. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna jambo unalijua na aibu imekufunga mdomo, mpigie mtu huyo leo. Jentrix alingoja kesho, na aliijutia hiyo kesho mpaka mwisho wake.

Jana jioni nilikuwa nyumbani kwake. Gari la kuwapeleka waombolezaji Bungoma kwa mazishi lilikuwa limefika. Mchungaji aliinua mkono aiombee safari, sisi sote tukafumba macho. Tabitha akasema, "Ngojeni."

Tukafumbua macho. Akapanda ndani. Kiti baada ya kiti, akavuta kila mkanda mpaka mwisho, akaunusa, akaurudisha. Tulisimama tukimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akashuka, akaenda kusimama kando ya Wasike.

"Ni safi," akasema. "Sasa tuombe."