Bi. Atuganile Anakiacha Kiti cha Chumba Namba Mbili

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Atuganile Mwaisaka anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Afya Heri ya Yombo kwa miaka ishirini na sita. Wengi tunamwita Mama Brightson. Vijana wa maabara humwita Bibi, ila akiwa hayupo. Kazi yake ni karani wa daktari: daktari anampima mgonjwa na kutamka anachokiona, naye karani anaandika papo hapo, ili macho ya daktari yabaki kwa mgonjwa. Tarehe na miaka iliyotajwa hapa imehakikiwa na ofisi ya utumishi, maana karani anayeandika wasifu huu ana miezi saba tu kazini na hapendi kukosea.

Bi. Atuganile alizaliwa Tukuyu na kuja Dar es Salaam kumfuata mumewe, mwalimu wa shule ya msingi Ukonga. Aliajiriwa mwaka 1999 kama karani wa mapokezi. Mganga mfawidhi wa wakati huo, Dk. Deogratias, alikuwa daktari hodari mwenye mwandiko wa kuku aliyechakura. Shamimu wa dirisha la dawa alikuwa akimrudishia karatasi na ujumbe uleule: "Mwambieni daktari aje asome mwenyewe." Alipochoka kupanda na kushuka ngazi, Dk. Deogratias alimwomba yule mama wa mapokezi mwenye herufi za duara aje akae naye chumba namba mbili, aandike yeye. Alikuja kwa wiki moja ya majaribio, na wiki hiyo haijaisha hadi leo.

Maneno ya upimaji hakuyakuta darasani. Aliyaokota mojamoja, akayapanga kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo aliyowafundishia makarani wote waliomfuata. Somo la kwanza hufanyika Jumamosi katika soko la Mabibo, mbele ya matikiti maji. Daktari, husema Mama Brightson, anapima kwa mpangilio: anatazama, anapapasa, anagonga, anasikiliza. Basi mwanafunzi hutakiwa kulitazama tikiti, kulipapasa, kuligonga kwa kidole, kisha kuinamisha sikio na kueleza alichokipata. Wauza matikiti wamezoea. Mmoja wao, Twaha, humuuliza kila akimwona: "Mama, leo huyu kalazwa au anarudi nyumbani?"

Somo la pili ni neno "kawaida", ambalo hakulipenda hata kidogo. Karani akiandika kwamba ngozi ya kiganja ni ya kawaida, atamuuliza: "Kawaida ya nani, mwanangu? Ya mwalimu au ya mchonga vinyago?" Na sehemu ambayo daktari hakuigusa huandikwa kwamba haikupimwa. Haijazwi kwa kukisia, hata kama foleni imefika getini.

Somo la tatu ni kiti, na hapa ni lazima atajwe Mzee Alfonsi, mchonga vinyago kutoka Newala. Mama Brightson huisimulia habari hii mwenyewe kwa kila karani mpya, kwa hiyo si siri. Katika mwaka wake wa pili chumbani, alikuwa akikaa mkabala na kitanda, ana kwa ana na mgonjwa, kama adabu inavyotaka. Daktari alikuta uvimbe kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Karani akaangalia mkono ulio upande wake wa kushoto, akaandika kushoto. Mzee akapelekwa kwenda kupasuliwa. Huko muuguzi alipoanza kuusafisha mkono wa kushoto, mzee akauvuta: "Sista, huo unashika patasi tu. Anayepiga nyundo ni huyu, na ndiye anayelia."

Mzee alirudi akicheka. Mama Brightson hakucheka. Kesho yake alikibeba kiti chake na kukiweka upande wa kichwani wa kitanda, kikitazama miguuni, kule anakotazama mgonjwa. Waliomshangaa aliwajibu kwamba abiria wa bodaboda na dereva wake wana kulia moja. Tangu siku hiyo, kulia kwa mgonjwa kumekuwa kulia kwa karani. Faida nyingine ilijitokeza yenyewe: kina mama waliokuwa wakiona haya kuvua gauni mbele ya karani waliacha kuona haya, kwa sababu aliye nyuma yako hakukodolei macho.

Mzee Alfonsi bado anachonga. Kila akija hupitisha mkono mlangoni na kuuliza, "Huu wa wapi?" Naye hujibiwa, "Wa kulia, na ni wako!"

Mwezi huu kompyuta zimefika. Jumatatu ya wiki iliyopita fundi Gibson aliingia chumba namba mbili na mashine ya kutobolea, na ramani inayoiweka meza ya karani mkabala na kitanda, kwenye soketi. Ilikwisha kusainiwa na Dk. Theonest, mganga mfawidhi wa sasa. Mama Brightson alikuwepo, na wote tulitegemea aseme. Yeye alikuwa akitafuta miwani kwenye mkoba, nayo iko kichwani. Karani anayeandika haya ndiye anayerithi nafasi hiyo. Alielewa kwamba asiposema, mkono wa mtu fulani utakuja kuandikwa sivyo.

"Samahani fundi, usitoboe kwanza."

Sauti ilimezwa na mashine. Akarudia kwa nguvu, akapanda kitandani na viatu vyake, akainua mkono. "Huu ni upi? Jibu upesi."

"Kushoto," alisema Gibson, aliyesimama mkabala na kitanda.

"Ndio ninaolia ugali."

Gibson aliutazama mkono, akautazama wake. "Duh! Sista, nyie mna kazi."

Dk. Theonest alikuwa amesimama mlangoni, na karani alishuka kitandani upesi, akamwamkia shikamoo. Daktari aliitikia. Alimuuliza fundi: "Waya unafika kule kichwani?"

"Ukiongezwa unafika, daktari."

"Basi ongeza."

Mama Brightson akaishusha miwani, akatangaza kwamba anakwenda kunywa chai. Wenzake wa zamani wanasema hajawahi kukiacha chumba namba mbili kwa mtu mwingine wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Siku hiyo alikunywa vikombe viwili, na maandazi.

Sasa anakwenda kupumzika nyumbani kwake Mbezi Luis, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani, ambako wajukuu kutoka Mbeya hawatapata kisingizio cha kupotea. Mama Brightson, asante kwa matikiti, kwa makaripio ya upole, na kwa kila mwili ulioandikwa kama ulivyo. Mungu akujalie afya, kulia na kushoto, na siku nyingi za kuamka bila saa. Kiti chako kipo palepale, kichwani pa kitanda, na kuna mtu amekikalia.