Mkono Mmoja Mfukoni: Maisha ya Mama Vernell Odessa Tolliver, 1938–2019

Mchungaji wetu, kanisa la Mlima Pisga, ndugu na majirani: mimi ni Marvella, binti wa kwanza wa marehemu. Nimepewa heshima ya kuwasomea maisha yake. Yeye hakupenda hotuba ndefu, na naona kama ananikodolea macho kutoka hapo alipolala, kwa hiyo nitajitahidi.

Vernell Odessa Tolliver alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 karibu na mji wa Drew, Mississippi, mtoto wa nne wa Mzee Amzi Rucker na Mama Leola. Wazazi wake walilima pamba katika shamba la mtu. Nyumbani kulikuwa na redio moja, na siku ilipokata sauti Mzee Amzi aliinua mguu aipige teke. Vernell, ambaye wakati huo alikuwa na pengo la meno ya mbele, alisimama katikati. "Baba, usiipige, inaumwa tu." Akaifungua, akakuta waya umechomoka, akaurudisha. Tangu hapo majirani walimletea kila kitu kilichokoroma, mpaka saa za ukutani.

Alisoma shule ya watoto weusi hapo Drew, ambayo ilifungwa kila pamba ilipokomaa, hivyo elimu yake ya kwanza ilikuja kwa vipande. Mwaka 1955 alipanda treni kwenda Chicago kwa shangazi yake, akamaliza sekondari mwaka 1957, kisha akajiandikisha masomo ya jioni ya ufundi wa redio. Alikuwa mwanamke pekee darasani. Mwalimu alimwuliza kama amepotea njia, kwani darasa la ushonaji lilikuwa ghorofa ya juu. "Kushona najua, mwalimu," akamjibu. "Nifundishe hili."

Mwaka 1958 aliajiriwa katika kiwanda cha amplifaya za gitaa huku West Side ya Chicago, akichomelea waya. Zilikuwa amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zinazong'aa kama makaa zikishapata moto. Humo ndani umeme ni mkali kuliko ule wa ukutani, na kapasita zake huutunza hata baada ya plagi kuchomolewa. Ukiingiza mikono yote miwili na umeme ukakupata, unapita kifuani kutoka mkono hadi mkono, na moyo uko njiani. Akina mama wa kiwandani walimfundisha: mkono wa kulia ufanye kazi, wa kushoto ukae mfukoni. Tatizo ni kwamba gauni zake hazikuwa na mifuko. Basi ile elimu ya ghorofa ya juu ikapata kazi: alishona mfuko wa kushoto kwenye kila gauni lake, la kazini, la kanisani na la kulalia. Sisi watoto tulikua tukiulizwa, "Mkono uko wapi?" na tukijibu, "Mfukoni!" hata kama tumeshika paja la kuku.

Mwaka 1964 alifungua karakana yake chini ya nyumba, barabara ya Homan. Wapiga gitaa wa mitaa yote hii walishuka zile ngazi. Wengine walikuja wakiwa wameondoa spika na kuwasha amplifaya hivyohivyo, ikaungua, na hao walisemwa hadi wakajuta kuzaliwa. Wengine walitaka kushika valvu zingali moto. "Shika," alikuwa akiwaambia. "Vidole ni vyako."

Sasa nifike kwenye Pasaka ya mwaka 1966, maana bila siku hiyo mimi nisingekuwepo. Kanisa letu lilikuwa na amplifaya moja, hii mnayoiona hapa mbele, ya mwaka 1959. Mpiga gitaa alikuwa Cleophus Tolliver, kijana mtanashati aliyekuwa akimchumbia marehemu. Amplifaya ilikuwa na plagi ya miguu miwili, bila waya wa kwenda ardhini. Marehemu alikuwa amemwomba aibadilishe.

"Ukigusa huo waya utaua sauti," Cleophus alimwambia. "Sauti yangu iko humo humo."

"Na kaburi lako liko humo humo," alijibiwa.

Wapigaji wa enzi hizo walikuwa na mchezo mmoja: amplifaya ikivuma, unageuza swichi ya nyuma huku na huku mpaka mvumo ukome, halafu unashukuru Mungu. Cleophus aligeuza, mvumo ukakoma, akashukuru Mungu. Hakujua kwamba kapasita moja ndogo karibu na swichi ilikuwa imekufa, na kwa kugeuza alikuwa ameupeleka umeme wa ukutani kwenye nyuzi za gitaa. Ibada ilipopamba moto akasogea kuimba, na midomo yake ikagusa maikrofoni, ambayo waya wake ulikwenda ardhini, na umeme ukapata njia.

Alitetemeka. Kichwa kikaenda nyuma, miguu ikapiga sakafu. Kanisa lote likasimama.

"Mwachieni Bwana amtumie!" alipaza sauti Mama Earline Gaddis, mama wa kanisa. "Haleluya! Cleophus kapata leo!"

Watu walipiga makofi na kucheza. Ndugu zangu, kanisa letu lilikuwa likimshangilia mtu anayekufa. Vernell peke yake alitazama vidole. Vilikuwa vimejikunja kwenye nyuzi na haviachii. Aliruka benchi mbili za mbele kwa viatu vya Pasaka, mkono wa kushoto mfukoni, na wa kulia ukang'oa waya ukutani. Cleophus akaanguka.

"Wewe Vernell!" Mama Gaddis alimaka. "Unamzima Roho Mtakatifu?"

"Roho Mtakatifu hatumii plagi, Mama. Nipeni nafasi mtu apumue."

Akapumua. Midomo iliungua, na ncha za vidole viwili zilibaki na makovu mpaka uzeeni. Mngedhani amekoma. Alipotoka hospitali alisema waya usiguswe! Hapo marehemu alimwambia wazi, "Cleo, sitakubali kuvaa nguo nyeusi kabla ya ile nyeupe kuchakaa." Kisha, wakati mgonjwa angali anauguza midomo, aliingia kanisani na boksi lake la vifaa. Aliitoa ile kapasita ya mauti, akafunga waya wa miguu mitatu, akaunganisha ule wa tatu na bodi ya chuma, akapima, akafunika. Cleophus hakuambiwa. Cleophus aliporudi alipiga ibada nzima akifumba macho kwa raha.

"Mnasikia hiyo?" aliwatambia watu mlangoni. "Hiyo ndiyo sauti ya waya wa zamani!"

Marehemu akainua plagi juu, kanisa zima likahesabu miguu. Mama Gaddis alicheka hadi kofia ikaanguka, na ndiye aliyesimama upande wa bibi harusi walipofunga ndoa hapahapa tarehe 17 Juni 1967. Gauni jeupe lilikuwa na mfuko wa kushoto. Baba yetu Cleophus aliishi mpaka mwaka 2004, akafa kwa uzee kitandani mwake, na katika ndoa yao yote hakuutaja tena ule waya wa zamani.

Siku ile ya Pasaka marehemu alikuwa ameapa mbele ya madhabahu hii: amplifaya ya Mlima Pisga haitaua mtu, na haitanyamaza. Kiapo hicho alikishika. Lakini mwaka 2013 mikono yake ilianza kutetemeka kwa maradhi ya neva, na aliweka chini bisibisi kwa hiari yake. "Mkono unaotetemeka hauingii humo," alisema. Kilichomuuma hakikuwa ugonjwa. Kilimuuma kiapo kukosa mrithi. Mimi ni dereva wa basi la shule, na niliogopa lile dude tangu utotoni. Alinifundisha hata hivyo, akitumia macho na mdomo tu, na Mungu anajua alikuwa na mdomo.

Oktoba mwaka huu amplifaya ilianza kuvuma vibaya. Shemasi Purvis Lyle, kwa nia njema kabisa, alikuja kumwona kitandani. "Mama Tolliver, siku hizi zipo mpya, nyepesi, hazina valvu."

"Na wewe Purvis umezeeka na unakoroma ibadani," akamwambia. "Tukubadilishe?"

Akaagiza iletwe kando ya kitanda chake. Aliisikiliza kidogo tu. "Kapasita zimechoka. Zote zibadilishwe pamoja. Marvella, haya." Nilichomoa plagi. Nilinyonya umeme uliobaki kwa rezista, taratibu, kama alivyonifundisha.

"Mkono uko wapi?"

"Mfukoni, Mama."

"Mita inasemaje?"

"Sifuri."

"Pima tena."

Nilipima tena. Nilifanya kazi yote machozi yakinitoka, kwa woga kwanza na baadaye kwa furaha. Tuliiwasha kupitia balbu ya majaribio: balbu ikawaka kwa nguvu, ikafifia, ikatulia, na hiyo ndiyo dalili njema. Mwanangu Isaiah akagonga uzi mmoja wa gitaa. Mvumo haukuwepo. Mama aliufuata ule mlio mpaka ukaisha wenyewe. Kisha akasema, "Funika. Na usisahau bisibisi ndani."

Mama Vernell alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019. Ameacha watoto watatu, Marvella, Cleophus Mdogo na Leola Jean, wajukuu sita, dada yake Ruby Rucker wa Drew, na kila mpiga gitaa wa West Side aliye hai kwa sababu yake. Wahudumu wa mazishi waliniuliza mikono yake ilazwe vipi. Mtakapopita kumuaga mtaona: gauni ni lile jeupe, na mkono wa kushoto umekaa mahali pake.

Apumzike kwa amani, ila asipumzike kimya, maana aliapa. Isaiah, mwanangu, washa. Na ninyi nyote nijibuni kama alivyotufundisha: mkono uko wapi?