Trela la Friji au Trela Kavu

Ndani ya mgahawa wa Mama Surinder, kando ya barabara kuu nje ya mji wa Laramie, kulikuwa na benchi la madereva wa Kipunjabi. Siku hiyo upepo ulikuwa umeifunga njia, chai inachemka, na nafasi ya Dilawar benchini iko wazi. Alikuwa ametangulia alfajiri na trela tupu. Hakuna aliyemtaja. Walimshughulikia Jagtar, aliyenunua lori lake la kwanza na kesho yake alitakiwa kuchagua trela, la friji, lenye mashine ya kupoza mzigo, au kavu, lisilo nayo.

— Chukua kavu, mwanangu, alisema Balkar, waliyemwita Barafu kwa kubeba kuku wa kugandishwa. Friji ni kulea mgonjwa. Nalala sikio liko kwenye mashine. Ikinyamaza tu, moyo unanidunda.

Akasimulia mashine ilivyomzimikia jangwani Nevada. Wenye mzigo walifungua mlango, wakanusa, wakaufunga, wakaukataa mzigo. Tangu hapo, alisema, anaamini mashine ile husubiri dereva asinzie ndipo ife.

— Afadhali ife, alijibu Nirmal, waliyemwita Upepo. Trela la friji ni zito, linakaa chini. Kavu likiwa tupu ni debe. Nimeliona likinyanyua magurudumu ya upande mmoja, taratibu, kama mtu anayeamka kitandani. Na upepo huu unachagua, kaka. Unapenda matrela meupe.

Trela la Dilawar lilikuwa jeupe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye theluji kwenye shali. Alikuwa dereva pia, aitwaye Paramjot, ametokea upande wa magharibi. Alikataa kukaa. Alisema ameona trela jeupe limelala ubavu na kichwa cha lori chini yake, gari la wagonjwa likiondoka. Mlangoni mwa lori pameandikwa Dilawar.

— Nani ana namba ya mkewe? aliuliza.

Walijua matairi ya Dilawar, walijua anavyopenda chai yake.

— Anakaa Fresno, alisema Barafu kwa sauti ndogo. Nadhani ni Fresno.

— Mkewe anaitwa nani?

Upepo alipekua simu yake; jina halikuwamo. Mama Surinder akazima jiko.

Jagtar aliacha habari za trela. Alimsogelea Barafu, akaanza kumtajia namba ya mke wake mwenyewe, polepole.

— Iandike, mzee. Anaitwa Navneet.